Kurudisha Mikoko Ufukweni: Mwongozo kwa Vikundi vya Mitaa na Shule za Tanga

Kila mwaka katika pwani yetu, watu wenye nia njema hukusanyika ufukweni, hupanda miche ya mikoko kwa mamia, hupiga picha na kurudi makwao; kisha upepo wa kusi ukishapita, mara nyingi tope lile hubaki tupu, na miche iliyosalia huhesabika kwa vidole. Nia haikukosekana, wala nguvu. Kilichokosekana ni kuyasoma maji kabla ya kushika mche. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha mtaa, kikundi cha BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, klabu ya mazingira ya shule au familia chache za jirani, kuanzia Moa na Jasini upande wa Mkinga, kupitia Chongoleani, Sahare na Mwambani, hadi Tongoni, Kigombe na Pangani, ambao wanataka kuurudisha msitu wa mikoko ukasimama, na kuwafundisha wengine kuutunza wakati kazi yenyewe ikiendelea.

Faida za mikoko zimesemwa sana, kwa hiyo nitazigusa zile tu zinazoeleza hatua zitakazofuata. Kamba na mkizi wadogo hujificha katikati ya mizizi mpaka wapate nguvu ya kutoka nje. Chaza hushika kwenye mizizi hiyo hiyo, na kaa hukaa chini yake. Mto Zigi unaposhuka kutoka Usambara Mashariki wakati wa masika, huja na udongo mwekundu, na mikoko ndiyo inayoupunguza mwendo ule wa maji na kuuacha udongo utue, ili usiende kuyafunika matumbawe na majani bahari. Tena, kwa eneo lile lile, mikoko huhifadhi kaboni mara kadhaa zaidi ya misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo imo ndani ya tope, si katika shina. Ndiyo maana kuulinda mkoko uliosimama kuna thamani kubwa kuliko kupanda mpya, na kikundi kinachoanza kazi hii kikumbuke mpangilio huo: kulinda kwanza, kufungulia maji pili, kupanda tatu.

Hatua ya kwanza: anzeni na watu, na ruhusa

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 haikatwi bila kibali. Hilo wengi wanalijua. Wasilolizingatia ni kwamba kuchimba mfereji, kubomoa tuta au kuweka kitalu ndani ya eneo hilo nako kunahitaji idhini. Kwa hiyo anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha BMU ya mahali penu, kisha ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, pamoja na afisa maliasili wa halmashauri. Ikiwa eneo lenu limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 na inayoanzia kaskazini mwa mlango wa Mto Pangani hadi kaskazini mwa Jiji la Tanga, ongezeni ofisi ya hifadhi hiyo. Barua moja fupi inatosha, yenye jina la kikundi, mahali, ukubwa wa eneo kwa makisio, na kazi mnayotaka kufanya. Wekeni nakala, kwa sababu viongozi hubadilika na karatasi hubaki.

Ruhusa ya ofisi, hata hivyo, ni nusu ya ruhusa. Nusu ya pili wanayo wale wanaoutumia ufukwe kila siku: kinamama wanaookota tondo na kuchokoa pweza, wavuvi wa kaa, wenye mashamba ya chumvi, wachoma chokaa, mafundi wa mashua, na wakaanga samaki wanaohitaji kuni kabla jua halijachwa. Kikundi kinachowapita watu hawa bila kuwauliza hupanda miche katika njia ya mtu, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kupita katika njia yake. Kijana anayetumwa kwa mzee aanze kwa adabu: "Shikamoo, bibi. Tumekuja kuuliza, hatukuja kufundisha." Halafu anyamaze asikilize. Maswali yenye manufaa ni machache: zamani palikuwa na miti gani hapa, ilianza kupungua lini, maji yalikuwa yanapita wapi, na leo nani anapita hapa na kwa kazi gani. Majibu yaandikwe, pamoja na yale yanayopingana, kwa sababu mtu wa kaa na mtu wa chumvi huuona ufukwe mmoja kwa macho mawili tofauti.

Hatua ya pili: yasomeni maji

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa haina picha nzuri ya kupiga. Kila aina ya mkoko huvumilia kiasi fulani cha kufunikwa na maji ya chumvi. Ukiupanda chini mno, mche utazama kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kustahimili. Ukiupanda juu mno, jua litakausha tope na chumvi itapanda mpaka iunguze mizizi. Tofauti ya mahali pa kuishi na mahali pa kufa inaweza kuwa kimo kisichozidi urefu wa mkono.

Chukueni fito zilizonyooka, mzichome topeni kwenye mstari mmoja kutoka ukingo wa juu hadi panapokaribia maji ya kupwa, na kila moja muifunge kitambaa cha rangi yake. Nendeni siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, mwone maji yanafika fito gani. Nendeni tena siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu na maji hupanda na kushuka kidogo, mwone yanaishia wapi. Kwa walimu ni vizuri kujua kwamba katika pwani yetu, siku za bamvua bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo asubuhi ya bamvua ndiyo wakati bora wa kuwashusha wanafunzi topeni na kuwarudisha kabla maji hayajageuka. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Fanyeni hivi kwa mizunguko miwili mitatu ya mwezi. Mkiweza kuijumuisha bamvua ya Machi au ya Septemba ni bora zaidi, kwa maana ndizo zinazopanda juu kuliko za miezi mingine.

Wakati huo huo tafuteni jibu la swali la pili: kwa nini mikoko haipo hapa? Tafuteni visiki. Mkivikuta, msitu ulikuwapo na ulikatwa. Na kama wakataji wameacha, na bado miti ya mbegu iko karibu, huenda miche inaota yenyewe na kazi yenu ikawa kuizuia isikanyagwe. Msipokuta kisiki hata kimoja, na wazee hawakumbuki mti, mahali hapo hapakuwa pa mikoko, na kupanda hapo ni kupoteza mbegu. Zaidi ya yote msipande juu ya majani bahari. Uwanda ule wa kijani unaoonekana maji yakipwa ni malisho ya tasi na kasa, nao una kazi yake kamili. Kuufunika kwa miche ya mikoko ni kuharibu kimoja ili kutafuta kingine.

Sababu nyingine huonekana kwa kutembea. Shamba la chumvi lililoachwa hubaki na matuta yake, na matuta hayo huzuia maji ya kila siku yasiingie wala ya mvua yasitoke, mpaka ardhi ya ndani inakuwa nyeupe kwa chumvi na haioti chochote. Barabara iliyopita juu ya mkondo bila kalvati ya kutosha hufanya vivyo hivyo. Mahali pengine mchanga umehama na kufunika mizizi ya kupumulia. Mahali pengine ni mbuzi na ng'ombe, ambao hupenda sana majani ya mchu.

Kama tatizo ni tuta, dawa yake ni jembe, na mche utasubiri. Pateni idhini ya maandishi ya mwenye leseni ya shamba la chumvi na ya TFS, kisha kateni tuta pale mkondo wa zamani ulipopita. Alama yake huonekana, kwa kuwa tope la mkondo hubaki laini na la chini kuliko ardhi ya pembeni. Fungueni sehemu chache zenye kina, msifungue nyingi zisizofika chini. Maji yakianza kuingia na kutoka, yataleta mbegu yenyewe kutoka kwenye miti iliyo karibu. Subirini angalau msimu mmoja wa mbegu kabla ya kupanda kwa mkono. Najua ni vigumu kuwaambia wanachama wakae mwaka mzima bila kupanda, lakini miche iliyojichagulia mahali pake huishi kwa wingi kuliko ile tuliyoichagulia sisi.

Hatua ya tatu: ijueni miti kwa majina yake

Katika maeneo mengi ya pwani yetu, ukitoka baharini kuja nchi kavu, mti wa kwanza kukutana nao ni mlilana, wenye mizizi minene ya kupumulia inayochongoka juu ya tope. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule unaosimama juu ya miguu iliyopinda, ambao boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi. Kisha msinzi, ambao wengine huuita muia, wenye mizizi inayochomoza mfano wa magoti; kisha mkandaa, mdogo wa umbo, ambao maganda yake yalitumika kutia rangi nyavu na ngozi. Mchu una tabia ya peke yake: huota mbele kabisa karibu na bahari na pia nyuma kabisa, kwenye ardhi kavu yenye chumvi kali ambako wengine hawathubutu. Mkomafi, kikandaa na msikundazi hupendelea upande wa nchi kavu au palipo na maji baridi kidogo.

Mpangilio huu si sheria, bali ni mwanzo wa kuangalia. Tembeeni kwenye msitu mzima ulio karibu nanyi zaidi, mpime kwa macho kila aina imesimama kwenye kimo gani cha maji, kisha mlinganishe na fito zenu. Mahali panapofanana na pale mkandaa uliposimama pawekwe mkandaa. Vikundi vingi hupanda mkoko peke yake kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika, na hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya kutoyasoma maji.

Hapa pia ndipo somo la kwanza la watoto lilipo. Asubuhi yenye jua, mpeni kila mtoto jani la mchu, alitazame kwa karibu. Upande wa juu ni kijani kinachong'aa, upande wa chini una rangi ya kijivu hafifu, na katika jani lililokauka umande kuna chembe ndogo ndogo zinazometameta kama sukari iliyomwagika. Mwambieni alambe. Uso wake utajibu kabla ya mdomo, na kuanzia hapo hamtahitaji kumweleza kwa maneno mengi kwamba mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake.

Hatua ya nne: kuokota mbegu

Mbegu ya mkoko, ya msinzi na ya mkandaa huanza kuota ikiwa bado juu ya mti, hivyo kinachoanguka ni mche ulio tayari. Wakati wa wingi wake mara nyingi ni masika na miezi inayofuata, lakini miti ya ufukwe wenu ndiyo itakayowaonyesha.

Kujua mbegu ya mkoko iliyokomaa kunahitaji jicho. Ikamate pale juu inapoungana na tunda la kahawia. Ikiwa changa, hapo hakuna kitu ila kijani. Ikikomaa, hujitokeza shingo ya rangi ya manjano, fupi mwanzoni kisha ndefu, na ukiizungusha kidogo mbegu hujiachia mkononi bila kuvutwa. Ikibidi kuivuta, iacheni. Mkandaa nao huonyesha shingo ya manjano, ila ni mwembamba na mfupi zaidi. Msinzi huanguka pamoja na kikombe chake chekundu. Okoteni kwanza zilizoanguka karibuni chini ya miti, mkiacha zenye matundu ya wadudu, zilizovunjika ncha au zilizosinyaa. Msichume zote kwenye mti mmoja, wala msing'oe miche iliyojiotea msituni kuipeleka kwingine, kwani mizizi yake hukatika na msitu unaotoa hubaki na pengo.

Mbegu zikishapatikana, zilazwe kivulini ndani ya gunia lenye unyevu wa maji ya bahari na zipandwe ndani ya siku chache. Zisianikwe juani hata kwa saa moja ya kusubiri gari.

Mchu, mlilana na mkomafi ndio wanaohitaji kitalu. Kwa mkoko, msinzi na mkandaa, kitalu ni gharama isiyo ya lazima isipokuwa mahali penye mawimbi. Kitalu kiwekwe ukingoni, pale maji ya bamvua yanapofika na kumwagilia yenyewe, chini ya kivuli cha makuti kinachopunguzwa taratibu kadiri miche inavyokua. Mbegu za mchu zilowekwe usiku mmoja hadi maganda yatoke, kisha zibonyezwe juu ya tope bila kuzikwa. Matunda ya mlilana yaachwe majini yalainike, yaoshwe, na mbegu zake ndogo zitawanywe juu ya tope laini. Mbegu za mkomafi huzikwa nusu. Mkitumia viriba vya plastiki, vihesabuni vinapotoka na vinaporudi. Nchi yetu iliondoa mifuko ya plastiki madukani kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na haipendezi kikundi cha mazingira kiwe ndicho kinachoirudisha topeni.

Hatua ya tano: siku ya kupanda

Kwa maeneo ya chini, chagueni siku za maji mafu mara tu baada ya bamvua kupita, ili mche upate siku kadhaa za kushika kabla ya nguvu ya maji kurejea. Kwa maeneo ya juu ambako mchu unakwenda, fanyeni kinyume: pandeni wakati wa masika na karibu na bamvua, tope likiwa limelowa na mvua imepunguza chumvi. Epukeni miezi ya kusi kali katika fukwe zinazotazama bahari wazi.

Tundu litobolewe kwa kijiti chembamba. Ncha iliyochongoka ndiyo huingia chini, na mahali palipo na chipukizi hubaki juu. Watoto wakumbushwe hilo zaidi ya mara moja. Theluthi moja ya urefu wa mbegu ya mkoko ikiwa topeni inatosha, kisha tope libanwe kwa vidole, si kwa kisigino. Kati ya mche na mche acheni mita moja hadi mita moja na nusu. Si lazima mistari inyooke. Fuateni kimo cha ardhi na mruke mashimo yanayotuama maji. Pandeni kidogo mahali panapofaa. Kama eneo ni jipya kwenu, anzeni na viwanja vidogo vitatu katika vimo tofauti, vikae mwaka mmoja, na kile kitakachopendeza ndicho kitawaambia pa kuendelea.

Kuhusu usalama nitasema kwa mkazo kwa sababu tunakwenda na watoto wa watu. Kila mmoja avae viatu vinavyofungwa mguuni, kwani chaza hukata. Mtu mzima mmoja, ambaye kazi yake haina kingine, aangalie maji tu, na aitapo kurudi hakuna anayemalizia mche wake.

Hatua ya sita: miaka mitatu ya kutunza

Mkiwa na nguvu ya siku moja tu, msipande. Tumieni siku hiyo kuokota takataka kwenye mikoko iliyopo, na mtakuwa mmefanya jambo kubwa zaidi.

Kikundi kilichopanda kigawane zamu. Baada ya kila bamvua mtu apite aondoe mwani uliojiviringisha kwenye miche, kamba za nyavu, chupa na vitambaa, maana vyote hivyo huulaza mche mpaka unakatika. Katika kila kiwanja, wekeni alama kwenye eneo dogo la kudumu, mkahesabu miche hai ya mle ndani baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, kumi na miwili, na baadaye kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Pigeni picha mkisimama mahali pale pale kila mara. Idadi ya miche iliyopandwa si kitu cha kuripoti. Ripotini iliyo hai.

Mche unaokufa husema sababu yake, na kuisoma ndiyo elimu yenyewe ya kazi hii. Shina likifunikwa na vile viumbe vidogo vyenye magamba makali vinavyoganda pia kwenye mashua na mawe, eneo ni la chini mno, linazama kwa muda mrefu. Majani yakiwa ya manjano na tope limepasuka na kuwa na ukoko mweupe, eneo ni la juu mno au maji yamezibwa. Miche ikilala yote upande mmoja na mizizi iko nje, ni mawimbi. Ikiwa imefukiwa hadi shingoni, mchanga unahama. Ncha zilizokatwa kwa usawa mmoja ni mbuzi, na mwenye mbuzi ana jina na nyumba, hivyo aendewe jioni kwa mazungumzo. Mbegu iliyotafunwa chini, karibu na mashimo, ni kaa. Nao msiwachukie, maana mashimo yao hupitisha hewa na maji topeni, na bila wao msitu hudhoofika. Kwa kaa, pandeni mbegu zilizokaa kivulini siku chache zaidi, ambazo ganda lake limekuwa gumu kidogo. Jaza mapengo pale tu sababu inapokuwa imeondolewa.

Hatua ya saba: kuni zitoke wapi?

Kulinda mkoko bila kujibu swali hili ni kumlaumu mtu kwa kupika. Kaeni na wakaanga samaki na wenye kuchemsha chumvi, mwone kila mmoja anatumia kuni kiasi gani kwa juma, na nini kinaweza kubadilika bila kumwongezea gharama. Jiko banifu la udongo lililojengwa kwa kipimo cha karai lenyewe hupunguza kuni kwa kiasi ambacho mkaangaji huona ndani ya siku chache. Makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo huku kwetu havikosekani, huwaka vizuri. Chumvi ya kuanika juani haihitaji kuni kabisa, na mwenye tanuru la kuchemshia aonyeshwe jirani anayeanika badala ya kuonyeshwa sheria. Kwa fito na boriti, pandeni mivinje kwenye ardhi ya mchanga iliyo juu ya maji, kwani hukua haraka. Lakini msiipande kwenye fukwe ambako kasa hutaga. Kikundi chenye subira kinaweza pia kutundika mizinga ya nyuki, kwa kuwa maua ya mchu yana asali nyingi, na mtu mwenye mzinga juu ya mti huwa mlinzi wa mti huo bila kuajiriwa.

Na nyumbani kwa kila mwanachama, takataka zitenganishwe kabla ya kutoka mlangoni. Chupa inayotupwa kwenye mfereji wa mtaani hushuka baharini mvua ya kwanza ikinyesha, na maji yakijaa hurudi kukaa juu ya miche ile ile.

Hatua ya nane: kuwafundisha wengine

Sitaki jambo hili lionekane ni nyongeza, ndiyo maana nimelitaja katika kila hatua. Anayefundishwa aguse, apime na aandike mwenyewe. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kukabidhiwa fito moja ya kitambaa chekundu na daftari, akawa ndiye mwenye habari za maji ya fito hiyo kwa muhula mzima. Mwalimu wa hisabati atapata grafu, wa sayansi atapata mizizi inayopumua, na wa jiografia atapata mwezi na bahari katika ukurasa mmoja. Mwalikeni nahodha au fundi wa mashua aje kusimulia alitoa wapi mataruma yake, yaani mbavu za mashua, ujanani. Wakati mwingine zungumzieni Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Pangani, ambacho wazee wanakikumbuka kikiwa na miti na kasa wakitaga chini yake, na ambacho leo ni fungu la mchanga linalozama maji ya bamvua yakijaa. Wanafunzi waulizwe wanadhani nini hushikilia mchanga, wajibu wenyewe.

Watu wazima hawaitwi kwenye semina ya mazingira wakaja wote. Wafuateni walipo: kwenye kikoba, kwenye baraza la magharibi, madrasa na kanisani kwa idhini ya viongozi wake, na sokoni samaki wakishauzwa. Jambo moja kwa siku moja linatosha. Kwa mfano, wengi hawajui kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mtu akilijua hilo kabla ya kununua kiwanja, ameokoa fedha zake na mkondo wa maji kwa pamoja. Mkataji wa mikoko asitajwe hadharani. Akikaribishwa kwenye zamu ya kutunza, huwa na msaada mkubwa, kwa kuwa hakuna anayezijua njia za msituni kumzidi.

Mwaka wa tatu ukitimia, toeni nakala tatu za daftari la hesabu: moja ofisi ya TFS, moja serikali ya mtaa au kijiji, na moja shuleni, ikiwa na ramani ya mkono inayoonyesha fito, viwanja na mikondo mliyofungua. Mkiona miche ambayo hamkuipanda imeanza kuota katikati ya ile mliyoipanda, acheni kupanda katika eneo hilo, endeleeni na zamu ya takataka na ya mbuzi, na hamisheni fito kwenye eneo linalofuata.